Maelezo kwa Mpiga Kura Nayo Yapimwe

Mkulima wa karafuu afikapo kituoni na gunia lake, jambo la kwanza analolitazama si fedha bali ni mizani. Hamtuhumu karani, wala hamdhanii mnunuzi kuwa ni mwizi. Ila anajua kwamba mizani isiyokaguliwa huweza kumdhulumu mtu bila ya mtu yeyote kukusudia kudhulumu. Akishajiridhisha kwamba mshale umesimama mahali pake kabla ya mzigo kupandishwa, huyakubali yatakayosomwa, yawe mengi au yawe machache.

Kura ni mzigo wenye thamani kuliko karafuu, na mizani yake haimo ndani ya sanduku peke yake. Kabla mwananchi hajafika kituoni, ameshasikiliza matangazo ya redio, ameshapokea kipeperushi kutoka kwa sheha wake, ameshapita mara kumi mbele ya bango lililobandikwa njia panda. Mwisho hukabidhiwa karatasi yenye majina au yenye swali. Maneno yote hayo yameandikwa na ofisi ya umma, kwa fedha ya umma, kwa jina la umma.

Sisi katika Visiwa hivi tumezoea kukagua daftari la wapiga kura. Hukagua masanduku na lakiri zake, na huhesabu na kuhesabu tena. Maneno hatuyakagui. Kila upande huyasoma kwa jicho lake, na anayeudhika huudhika, lakini hapana utaratibu uliotangazwa wa kuyapima kabla hayajatoka. Leo tunapenda kushauri kwamba maneno nayo yapimwe, na kwamba katika kazi hiyo kompyuta yenye kukijua Kiswahili ipewe nafasi yake, isizidishiwe wala isipunguziwe.

Huenda msomaji akauliza: neno moja lina uzito gani mbele ya mapenzi ya watu? Majirani zetu wa Comoro wanaweza kumjibu. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 23 Novemba, 1974, iliyotengeneza kura ya kuamua uhuru wa visiwa vile, haikuwataja wakazi wa Comoro katika umoja, kama umma mmoja. Iliwataja katika wingi, kana kwamba ni umma zaidi ya mmoja. Ni tofauti ambayo msomaji wa haraka huipita bila ya kuiona. Kura ilipopigwa tarehe 22 Desemba mwaka ule, karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa vyote waliutaka uhuru, lakini katika kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, walio wengi walikataa. Wingi ule wa neno ukawa miongoni mwa hoja za wale waliotaka matokeo yatazamwe kisiwa kwa kisiwa. Comoro ilitangaza uhuru wake tarehe 6 Julai, 1975. Mayotte ikabaki chini ya Ufaransa, na tangu mwaka 2011 ni mkoa wa nchi hiyo.

Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililoyaleta yote hayo, kwani siasa za Mayotte zilikuwa na mizizi yake ya zamani. Tunachosema ni kwamba katika maandishi ya kura hakuna neno dogo, na kwamba watu wa visiwani wana sababu zaidi ya wengine kulijua jambo hilo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi katika miaka. Mwezi wa Mei 2010, Wakenya walipokuwa wakijitayarisha kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, iligunduliwa kwamba katika baadhi ya nakala za katiba iliyopendekezwa, zilizotoka katika uchapaji wa serikali, yalikuwa yamechomekwa maneno yenye maana ya "usalama wa taifa". Yalichomekwa katika kifungu cha 24, yaani kifungu kile kinachoeleza ni lini haki za raia huweza kuwekewa mipaka. Hayakuwamo katika maandishi yaliyopitishwa na Bunge. Kelele zilipigwa na uchunguzi ukaagizwa. Hapa hapakuhitajika hekima kubwa: kompyuta ya kawaida, ikipewa nakala mbili na kuambiwa zitofautishe, huonyesha kila herufi iliyoongezwa au kupunguzwa kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa.

Lakini si kila upendeleo huchomekwa usiku. Ulio mwingi huingia mchana, kwa nia njema, na kwa kalamu ya mtu mwaminifu. Serikali ya Scotland ilipoandaa kura yake ya uhuru, swali ililolipendekeza kwanza liliuliza kama mpiga kura anakubali kwamba Scotland iwe nchi huru. Tume ya Uchaguzi ya Uingereza ikalipeleka swali hilo kwa watu wa kawaida walijaribu, na mwezi wa Januari 2013 ikatoa shauri kwamba neno la kukubali liondolewe, kwa kuwa linamsogeza msomaji kwenye jibu la ndiyo. Swali lililopigiwa kura tarehe 18 Septemba, 2014, likauliza tu kama Scotland iwe nchi huru. Waliokataa walikuwa asilimia 55. Mabishano yalikuwa mengi kabla na baada ya siku ile, lakini swali lenyewe lilikuwa limeshapimwa hadharani.

Ikiwa neno la kukubali lina uzito huo kwa Waskoti, basi kwetu sisi uzito wake ni mara mbili. Katika adabu zetu, mtu akiombwa kwa upole kukubali jambo, kukataa ni kama kumvunjia heshima aliyeomba. Wazee wetu waliliona hilo, ndipo wakatufundisha kwamba usikatae wito, kataa neno. Lakini mbele ya karatasi ya kura wito na neno huja pamoja, na mtu mpole huona haya kukataa vyote viwili. Kwa hiyo swali linaloanza na "Je, unakubali" haliwi sawa na swali linaloweka njia mbili mbele ya mtu na kumwacha achague.

Sisi wenyewe tumekwisha kupiga kura ya namna hiyo. Tarehe 31 Julai, 2010, Wazanzibari waliulizwa juu ya muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uamuzi ule tunauheshimu, wala hatuna nia ya kuufukua. Tunautaja kwa sababu unaonyesha kwamba kura ya maoni si jambo la nchi za mbali, na kwamba itakapokuja nyingine, matayarisho ya maneno yake yafaa yaanze mapema, wakati nyoyo zimetulia.

Tazama pia jina la "Katiba Inayopendekezwa", lililopewa maandishi yaliyopitishwa na Bunge Maalum mwaka 2014, na ambayo kura yake, iliyokuwa imepangwa tarehe 30 Aprili, 2015, iliahirishwa. Jina hilo ni la kisheria na hatumlaumu mtu kwa kulitumia. Lakini Kiswahili chetu hutumia neno moja, kupendekeza, kwa mambo mawili: kuleta jambo lijadiliwe, na kulisifia jambo ili likubaliwe. Mwanasheria husikia maana ya kwanza. Bibi aliyeketi barazani anaweza kuisikia ya pili, akadhani kwamba wenye elimu wamekwisha kumchagulia. Hapa hapana aliyedanganya. Lugha yenyewe imeegemea upande, na hakuna aliyeisimamisha wima.

Yafaa tueleze kwa mapana kidogo jinsi Kiswahili kinavyoegemea, maana wengi hudhani kwamba upendeleo ni matusi na sifa tu, na kwamba maandishi yasiyo na matusi wala sifa yameshatakasika.

Tuchukue mfano wa tangazo linalowaita wananchi wakapige kura ili "kudumisha" amani na maendeleo. Hapana anayeweza kuichukia amani. Lakini kudumisha ni kukibakisha kilichopo. Mwenye kudumisha haondoi. Tangazo hilo, bila ya kumtaja mgombea yeyote, limekwisha kumnong'oneza mpiga kura amwache aliyeko. Na lau lingesema wakapige kura "kuleta mabadiliko", lingekuwa limenong'ona upande wa pili. "Kurejesha" nako kuna hadithi yake ndani: anayerejesha anadai kwamba kitu kilikuwapo na kimepotea. Vitenzi vitatu hivi vinatoa hukumu tatu, na kila kimoja huweza kuandikwa na karani asiye na nia yoyote.

Tutazame pia namna ya kutendwa. "Imeamuliwa", "imeonekana", "imelazimu": nani aliyeamua, nani aliyeona, nani aliyelazimisha? Kiswahili humruhusu mtendaji kujificha nyuma ya kitendo, na maandishi ya ofisi hupenda sana kivuli hicho. Mpiga kura anayeambiwa kwamba imeamuliwa kituo chake kihamishwe ana haki ya kujua aliyeamua, ili ajue pa kwenda kuuliza.

Kisha kuna ngeli, hazina ambayo lugha nyingi za kigeni hazina. Mtu akigeuzwa kuwa kijitu amedharauliwa. Akigeuzwa kuwa jitu ametishiwa. Wafuasi wa upande mmoja wakiitwa kundi, na wa upande wa pili wakaitwa genge, idadi ni ile ile lakini sheria imeshaingizwa katikati yao. Na kuna kijineno cha herufi tatu, "eti", ambacho kikitangulia maneno ya mtu huyabeza yote yanayofuata. Hatutarajii kukiona katika kipeperushi cha Tume, lakini ndugu zake wenye adabu zaidi, kama "kinachodaiwa" na "kile wanachokiita", huvaa suti na kuingia ofisini bila ya kuulizwa.

Hapa ndipo mitambo ya lugha inapoweza kutusaidia. Jicho la binadamu huchoka, na huchoka upesi zaidi linaposoma maneno ya upande wake. Kompyuta haichoki. Ikipewa vipeperushi mia tatu, na hotuba zote za redio zilizoandikwa, itaweza kuhesabu ni mara ngapi kila upande umetajwa, ni upi uliotangulia, ni vitenzi vipi vilivyopewa huyu na vipi vilivyopewa yule, na ni sentensi ngapi zilizomficha mtendaji. Itaweza pia kuonyesha sentensi zilizo ndefu kupita kiasi, maana maelezo yasiyoeleweka nayo ni upendeleo: humpa nguvu yule aliye na mtu wa kumfasiria.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 2013 watafiti watatu, Marta Recasens, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Dan Jurafsky, walichapisha utafiti juu ya masahihisho ya kamusi elezo ya Wikipedia, ambayo sheria yake inataka makala zisielemee upande wowote. Waliyakusanya maneno ambayo wahariri waliyaondoa kwa kuwa na upendeleo, wakayagawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno ya kusifu na kukashifu. Fungu la pili ni la maneno yanayolifanya jambo la shaka lionekane hakika, au jambo la hakika lionekane la shaka. Programu yao, ilipotakiwa kulitaja neno lenye kasoro katika sentensi, ilifanya karibu sawa na watu waliojaribiwa kwa kazi hiyo hiyo. Mwenye haraka atasema kwamba mashine imekuwa hodari. Sisi twaona funzo jingine pia: kwamba hata watu hulikosa neno hilo mara nyingi, na ndiyo sababu hupita.

Utafiti ule ulikuwa wa Kiingereza, na haufai kuhamishwa kama ulivyo. Kiingereza huweka ukanushi katika neno linalosimama peke yake. Kiswahili huuficha tumboni mwa kitenzi. Katika "wasipokubaliana" silabi moja tu, "si", ndiyo inayopindua maana yote, na mashine inayotenganisha maneno kwa nafasi zilizo baina yake itaona neno moja isilolijua. Kwa bahati njema msingi umekwisha kuwekwa. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza tangu miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na hazina ya matini ya Kiswahili iliyojengwa chuoni humo imefikia maneno kiasi cha milioni 25. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 dunia imezizoea pia programu za akili mnemba zinazozungumza lugha nyingi, na Kiswahili ni miongoni mwazo. Hatuanzi na mikono mitupu.

Pamoja na hayo, ingekuwa ni kosa kubwa kuifanya mashine kuwa kadhi. Ina mipaka, na mipaka yake yafaa itajwe kabla ya kununuliwa, si baada.

Mpaka wa kwanza ni kwamba inasoma maneno, na upendeleo hauko katika maneno tu. Katika kura ya Austria ya tarehe 10 Aprili, 1938, iliyopigwa baada ya majeshi ya Hitler kuingia, duara la kuweka alama ya ndiyo lilikuwa kubwa na la hapana lilikuwa dogo. Katika kura ya Chile ya tarehe 4 Januari, 1978, chini ya Jenerali Pinochet, ndiyo ilipewa bendera ya taifa na hapana ikapewa bendera nyeusi. Programu ya kusoma sentensi isingeliona duara wala bendera. Mtoto wa darasa la kwanza angeliviona.

Mpaka wa pili ni kwamba mashine hupima namna ya kusema, haipimi ukweli wa kinachosemwa. Nchini Uswisi, katika kura ya tarehe 28 Februari, 2016 juu ya kodi ya watu waliooana, serikali iliwaeleza wapiga kura kwamba wanandoa wanaofanya kazi wote wawili na kuumizwa na kodi hiyo ni kiasi cha jozi 80,000. Pendekezo likaanguka kwa tofauti ndogo. Baadaye serikali yenyewe ikakiri kwamba idadi iliyo sahihi ni kiasi cha 454,000, na mwezi wa Aprili 2019 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaifuta kura hiyo. Sentensi iliyobeba idadi ile huenda ilikuwa ya upole na adabu kabisa. Kosa lilikuwa katika tarakimu, na tarakimu hukaguliwa na mtu mwenye vitabu vya hesabu mkononi.

Mpaka wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Mashine imejifunza kutoka katika maandishi ya watu, na imerithi maradhi yao. Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika neno "yeye". Lakini programu za kutafsiri zimejulikana kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke pindi sentensi inapogeuzwa kuwa ya Kiingereza. Kadhalika, mashine iliyolelewa kwa magazeti na nyaraka za serikali itakiona Kiswahili cha nyaraka kuwa ndiyo lugha ya katikati, na kila asemaye vingine kuwa ameegemea. Hiyo itakuwa ni kuipima mizani kwa mzigo ule ule unaotakiwa kupimwa. Na tusisahau kwamba ingawa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, mzee wa Makunduchi, mvuvi wa Tumbatu na mkulima wa Micheweni wana maneno yao, na neno lililo tulivu mjini huweza kuwa na makali shamba. Mashine isiyopata kulisikia neno la Kipemba haiwezi kuwaamulia Wapemba.

Kwa hiyo tunashauri mambo matano, nayo hayahitaji fedha nyingi kuliko nia.

Kwanza, maandishi yote rasmi kwa mpiga kura yawe na asili moja, iliyohifadhiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar na kutangazwa wazi. Kila nakala inayotoka kiwandani, kila tangazo la redio na kila bango lilinganishwe na asili hiyo kwa kompyuta, na tofauti yoyote ielezwe sababu yake.

Pili, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na vyama vyote vya siasa, wakae wakati usio wa uchaguzi watengeneze orodha ya maneno na miundo ya kuangaliwa. Wakusanye pia hazina ya Kiswahili cha Visiwani, cha mjini na cha shamba, cha Unguja na cha Pemba, ili mashine ijifunze kwetu. Orodha hiyo iwe mali ya umma, ili kila mtu aweze kuisoma na kuibisha.

Tatu, maandishi yapitishwe katika mashine hiyo, na matokeo yachapishwe pamoja na maandishi yenyewe, siku zisizopungua thelathini kabla ya kura. Upimaji wa siri haufai. Ofisi inayopima kwa siri inaweza kuitumia mashine hiyo hiyo kuusugua upendeleo mpaka ung'are, usionekane tena kwa macho.

Nne, baada ya mashine waje watu. Wachaguliwe wapiga kura wa kawaida wa Unguja na Pemba, wake kwa waume, wakiwamo wasiojua kusoma na wasioona. Nusu yao wasomewe maneno ya namna moja na nusu ya pili maneno ya namna nyingine; kisha waulizwe, kwa lugha yao wenyewe, wameelewa nini. Hivyo ndivyo swali la Scotland lilivyotambuliwa, na hakuna mashine iliyokwisha kuizidi njia hiyo.

Tano, neno la mwisho liwe la binadamu anayejulikana kwa jina na cheo. Kila alama nyekundu iliyowekwa na mashine ijibiwe na Tume kwa maandishi: tumeikubali, au tumeikataa, na sababu ni hii. Afisa asije akasema kwamba kompyuta imepitisha, kama vile zamani ilivyosemwa kwamba imeamuliwa.

Tunajua yatakayosemwa dhidi ya shauri hili. Watakuwapo watakaosema kwamba ni gharama. Visiwa hivi vinaijua gharama ya uchaguzi kupigwa mara mbili: ule wa tarehe 25 Oktoba, 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi, 2016. Sababu zilizotajwa hazikuwa za maneno ya vipeperushi, nasi hatuchanganyi mambo. Tunakumbusha tu kwamba imani ya watu ikishapasuka, kuishona huwa ghali kuliko kuitunza, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watakuwapo watakaosema kwamba hakuna lugha isiyoegemea, na hivyo kazi hii ni bure. Ni kweli kwamba hakuna mizani iliyo kamili hata ya dhahabu, lakini hatujapata kusikia mfanyabiashara akisema kwamba kwa sababu hiyo tuuze kwa kukisia. Kinachotakiwa si maneno yasiyo na uzito. Kinachotakiwa ni uzito unaojulikana, uliotangazwa, na ulio sawa kwa pande zote.

Na watakuwapo maafisa watakaoona kwamba wametuhumiwa. Kwao tunasema kwa heshima kwamba ukaguzi ni ngao ya mtu mwaminifu. Karani aliyeandika tangazo kwa moyo safi, na likapimwa mbele ya watu wote, hawezi tena kuambiwa kesho kwamba alitumwa. Leo hana cha kujitetea nacho ila kiapo chake.

Wala sisi wenye magazeti hatujitoi. Ni mara ngapi kalamu zetu zimeandika kwamba kiongozi wa upande huu "alibainisha" na wa upande ule "alidai", na wote wawili walifanya jambo moja tu, nalo ni kusema? Anayebainisha ameshapewa ukweli na mwandishi, anayedai ameshanyimwa. Haki ya kumkosoa jirani huja na wajibu wa kufagia uwanja wako. Itakapotengenezwa mashine hiyo, na kurasa zetu nazo zipitishwe ndani yake, matokeo yasomwe na wasomaji wetu.

Kiswahili ni mali tuliyoirithi, na Visiwa hivi hujivuna, kwa haki, kuwa ndiko kilikopata usanifu wake. Si vyema lugha hiyo iwe inamsukuma mwenyewe bila ya yeye kujua, siku ambayo anatakiwa asimame peke yake nyuma ya pazia na kuamua. Muda uliopo kabla ya kura nyingine unatosha kwa kazi hii ikiwa itaanzwa sasa. Tunaitaka Tume iitangulie, Baraza la Kiswahili liisimamie, na vyama viikubali wakati ambapo bado hakuna ajuaye ni nani itakayemfaa na ni nani itakayemuuma, kwa kuwa huo ndio wakati pekee ambapo watu hukubaliana juu ya mizani.